Kilichomwangusha Kinyozi

"Tena, baba. Kutoka mlangoni mpaka kabatini, bila kushika ukuta."

Kinyozi alivuta pumzi, akapandisha suruali kidogo, akaanza kutembea juu ya mstari unaotenganisha vigae vya sebuleni. Alikuwa ametembea maisha yake yote bila kufundishwa na mtu, lakini ukiambiwa tembea vizuri huku umekodolewa macho, miguu inaanza kujiuliza ipi itangulie. Alipokaribia kabati aliyumba, akajishikiza kwenye kochi. Mwanawe akatikisa kichwa taratibu.

"Umeona mwenyewe, baba?"

"Nimeona kochi lenu mmeliweka njiani."

Mwana huyu mtaani aliitwa Tahadhari. Alikuwa afisa usalama katika kiwanda cha magodoro, mahali ambapo mtu akiteleza ana bahati kuliko wote duniani, lakini kazi yake aliipenda mno na kila jioni alirudi nayo nyumbani. Kila ngazi ya nyumba ile ilikuwa na karatasi ya njano: ANGALIA HATUA. Bafuni: UTELEZI. Jikoni: MOTO. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashonea sare za shule hapo hapo barazani, na wateja wakimuuliza karatasi hizo ni za nini, aliwajibu kwamba mume wake ana mapenzi sana, basi tu anayaandika kwa herufi kubwa.

Tangu baba mtu aanguke na baiskeli, mapenzi hayo yalikuwa yamezidi. Aliangukia mtaroni mbele ya nyumba, mchana kweupe, wanafunzi wakitoka shule. Hakuvunjika popote. Alichubuka kiwiko, na nyembe zake zote zikatawanyika kwenye maji machafu. Lakini tangu siku hiyo alipimwa macho, akapimwa masikio, akapimwa shinikizo la damu amekaa, amesimama na amelala. Wapimaji wote walisema mzee yuko sawa. Tahadhari akasema wapimaji wa siku hizi hawana umakini.

"Jumamosi muuza maziwa anakuja kuiangalia baiskeli," alisema sasa, sauti ya chini, kama anayemwambia mgonjwa habari za ndugu. "Ni kwa ajili yako, baba. Umri umekwenda."

Saluni Kinyozi alishaiacha siku nyingi, lakini alibaki na wateja wake wa vitandani, watu wa upande wa pili wa kilima ambao hawawezi tena kwenda kunyolewa na hawataki mkono mwingine uguse shingo zao. Kwa miguu kilima kile hakipandiki, si kwa magoti yake. Bila baiskeli, kazi ilikuwa imekwisha, na yeye angebaki mtu wa kuulizwa kama amekunywa maji.

Na lililomuuma zaidi hakumwambia mtu. Siku hizi, hata akiwa peke yake, akienda bafuni usiku alikuwa anapapasa ukuta. Alikuwa ameanza kuwaamini.

*

Ijumaa, akienda kazini, Tahadhari alimwachia mkewe ufunguo wa stoo ilikofungiwa baiskeli, na onyo: asimpe baba. Mke hakumpa. Aliutia kwenye kopo la vifungo, akakaa kwenye cherehani, akasema bila kuinua macho, "Baba, hebu nitafutie kifungo cheupe kwenye kopo hilo. Kama kuna kitu kingine humo, mimi sijui kimeingiaje."

Mkwe huyu hakuwa na huruma tu, alikuwa na shida yake pia. Tangu mzee akae nyumbani, alishinda barazani akiwaambia wateja wake ukweli kuhusu vichwa vyao. Juzi mama mmoja alikuja kupima sare ya mwanawe, akaambiwa aliyemnyoa mtoto huyu inafaa ashitakiwe. Mama akaondoka na kitambaa chake.

Wakaitoa baiskeli. Mkwe akanyanyua gurudumu la nyuma, Kinyozi akachuchumaa, mkono mmoja kwenye pedeli, mwingine kwenye kitufe cha gia. Mbele palikuwa na sahani mbili za meno, kubwa ya tambarare na ndogo ya mlima. Juu yake kilikaa kibano cha chuma, na mnyororo ukipita katikati ya mashavu yake mawili. Ukibonyeza gia, kibano kinausukuma mnyororo uhame sahani. Alibonyeza.

*Krrr-krrr-krrr-tak.*

"Hiyo ndiyo sauti yenyewe," alisema Kinyozi. "Ilikuwa inalia hivi hivi, siku mbili tatu kabla. Siku ile nafika hapo nje nakitafuta kilima, nimesimama kwenye pedeli, nikaweka gia nyepesi. Mnyororo ukadondoka, pedeli ikazunguka hewani. Mguu uliteremka, na mimi nikaufuata."

"Ulimwambia hivyo mume wangu?"

"Nilimwambia. Akaniuliza kama nilisikia kizunguzungu kabla au baada."

Kinyozi hakuwa fundi wa baiskeli na hakujifanya fundi. Alianza na dawa ya mtu yeyote asiyejua: mafuta. Akaomba mafuta ya cherehani, akaumiminia mnyororo mpaka ukawa unadondosha. Wakajaribu. Sauti ikawa ile ile, ila sasa na baraza limechafuka. Akaona juu ya kibano kuna skrubu mbili ndogo, akachukua bisibisi ya mkwe, akazungusha moja kwa kujiamini. Mnyororo ukakataa kabisa kupanda sahani kubwa. Akairudisha, akazungusha ya pili. Mnyororo ukapanda, ukapitiliza, ukaanguka upande wa nje na kumpaka grisi kidevuni.

"Hizi skrubu hazihusiki," alitangaza.

"Zirudishe ulivyozikuta, baba, kabla hazijahusika."

Akazirudisha. Akakaza waya wa gia. Sauti ikahama, ikawa inalia kwenye sahani kubwa na kunyamaza kwenye ndogo. Akaulegeza, ikarudi ilikokuwa. Alikaa chini kwenye baraza, mikono myeusi, akaitazama ile baiskeli kwa uchungu. Labda ni kweli, alifikiri. Labda kijana angebonyeza vizuri na isingedondoka.

Mkwe akashusha gurudumu, akajifuta jasho. "Mimi cherehani yangu ikianza kukata uzi, siulizi ina miaka mingapi. Nauliza nani kaigusa mara ya mwisho. Baiskeli hii nani kaigusa?"

"Hakuna. Naifuta mwenyewe, naipanda mwenyewe."

"Na kiti? Mbona kiti kiko chini hivi?"

Kinyozi akageuza kichwa. Kiti. Mwanawe alikishusha kwa mkono wake jioni moja, na hotuba akaitoa asubuhi: mzee akae chini, miguu yote ifike ardhini, usalama kwanza. Baba alikuwa amelala. Aliamka akakuta kiti kimeshuka na karatasi ya njano imebandikwa kwenye usukani.

Wakatazamana. Halafu wote wawili wakainama kwa pamoja, vichwa karibu vigongane.

Bomba lililobeba kiti lilikuwa na pete mbili za chuma, kila moja na bolti yake. Ya juu ndiyo inayokaza kiti. Ya chini ndiyo inayoshika kile kibano cha gia. Na chini ya pete hii ya chini, Kinyozi alipopangusa vumbi kwa kidole, palikuwa na mkanda wa rangi mpya inayong'aa, nyekundu ya siku baiskeli ilipotoka dukani. Pete ilikuwa imekaa pale miaka yote. Sasa ilikuwa juu yake kwa upana wa kidole, tena imegeuka upande, kibano kimekaa mshazari kama kofia ya mlevi. Na bolti yake ilikuwa na mikwaruzo ya spana, mipya.

Mkwe akaziba mdomo. "Alifungua isiyo yenyewe."

"Akaona kiti hakishuki," alisema Kinyozi polepole, "akajua si hii, akaikaza tena popote ilipokuwa. Akafungua ya juu. Akashusha kiti. Akaenda kulala na amani yake."

"Kwa hiyo aliyekuangusha..."

"Ni usalama."

Mkwe alicheka mpaka akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Kinyozi naye akacheka, kwanza kwa pua, kisha kifua kizima. Alicheka kwa furaha, kwa sababu magoti yake hayakuwa na kosa, macho hayakuwa na kosa, na masikio ndiyo yaliyokuwa yakimwambia ukweli tangu mwanzo. Akachukua spana.

"Subiri, baba," mkwe akamshika mkono. "Ukiitengeneza leo, kesho muuza maziwa ataipanda, ataipenda, na ataondoka nayo. Mume wangu atasema, unaona, baiskeli ilikuwa nzima, mbovu ni mzee."

"Na nisipoitengeneza?"

"Atasema mzee ameiharibu kwa kuipanda vibaya."

Kinyozi akaliangalia jambo hilo kwa pande zote mbili na kuona halina mlango. Ndipo mkwe akamsogelea sikio, ingawa hapakuwa na mtu barazani, akamnong'oneza. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa kukataa, akasikiliza tena.

"Na akiumia? Ni mtoto wangu."

"Ni mume wangu. Hataumia." Akamwonyesha gunia kubwa la mabaki ya vitambaa nyuma ya cherehani.

*

Muuza maziwa alikuwa mtu mnene, mwenye mashaka na kila kitu isipokuwa maziwa yake. Aliizunguka baiskeli, akabonyeza matairi, akapiga kengele. Tahadhari alisimama pembeni na shati la kazini, kalamu mfukoni.

"Nasikia ina gia mbele na nyuma," alisema muuza maziwa. "Mimi nina kile kilima. Nataka kuona zinavyoingia."

"Zinaingia vizuri. Ni baiskeli imara sana."

"Basi panda nione."

"Panda wewe mwenyewe ujiridhishe."

"Mimi na uzito huu, kitu cha mtu? Ikivunjika utanibambikia. Panda."

Kinyozi alikuwa amekaa barazani, mikono juu ya magoti, mpole kama mgeni. Aliona mwanawe anaitazama baiskeli na haikaribii. Aliona jicho la mwanawe linateremka kwenye bomba la kiti, linatua pale pale kwenye pete, kisha linakimbia. Kicheko alichokuwa amekitayarisha kikamwishia. Kumbe anajua, alijisemea.

Tahadhari alipanda kwa sababu muuza maziwa alishaanza kukunja uso. Aliendesha wima, mikono miwili, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, akaenda mpaka kwenye kona na kurudi. Baiskeli haikutoa sauti.

"Hujabadili gia," alisema muuza maziwa.

"Badili gia, mwanangu," Kinyozi akasema kutoka barazani.

Mtaa nao ukaingilia. Msuka nywele wa nyumba ya jirani aliacha kichwa cha mteja nusu. Wanafunzi waliokuwa wakicheza mpira wakasimama. "Badili gia," wakaanza kuimba, kwa sababu watoto wakipata maneno matamu hawayaachi. Tahadhari, uso umemwiva, akaanza tena kukanyaga, akabonyeza.

*Krrr-krrr-tak.* Mnyororo ukadondoka. Pedeli ikazunguka hewani, mguu ukateremka, na afisa usalama wa kiwanda cha magodoro akapinda taratibu, kwa heshima zote, akaingia mtaroni na kutua juu ya gunia la vitambaa.

Kisha mkewe akauliza kutoka kwenye cherehani, kwa wasiwasi wa hali ya juu, "Mume wangu, ulisikia kizunguzungu kabla au baada?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Msuka nywele alilazimika kushika kichwa cha mteja wake asianguke naye. Tahadhari alinyanyuka, vipande vya kitambaa cha sare vimemganda mgongoni. "Hili gunia limefikaje humu?" aliuliza.

Kinyozi akateremka ngazi, akaivuta baiskeli, akaitisha spana. Mkwe akanyanyua gurudumu la nyuma. Mzee akalegeza bolti ya pete ya chini, akaishusha mpaka kwenye ule mkanda wa rangi mpya. Akatoa kitana chake mfukoni, akakilaza juu ya meno ya sahani kubwa, akakishusha kibano mpaka kikagusa kitana. Akafumba jicho moja, jinsi alivyofanya siku zote kulinganisha kandokando za nywele za mtu, akakizungusha kibano kwa kucha mpaka mashavu yake yakalala sambamba na mnyororo. Akakaza. Akatoa kitana. Waya ulikuwa umebaki umelegea, akauvuta kidogo.

Akazungusha pedeli, akabonyeza. Mnyororo ukahamia sahani ndogo. Akabonyeza tena, ukarudi kubwa, kisha tena ndogo. Kilichosikika ni *tik* tu, kama mkasi ukifungwa.

"Nani aliihamisha hiyo pete?" msuka nywele akauliza, kwa sababu kazi yake ni kuuliza.

Mkwe akainama kwenye gurudumu. Kinyozi akapangusa spana. Tahadhari aliangalia viatu vyake.

"Naichukua," akasema muuza maziwa, mkono tayari mfukoni. "Hivi ilivyo, naichukua sasa hivi."

"Muulize muuzaji," alisema Kinyozi.

Muuza maziwa akamgeukia Tahadhari. Mtaa wote ukamgeukia. Akatoa kipande cha kitambaa kwenye kola yake na kukitazama.

"Haiuzwi," alisema.

"Umeniita nitoke kwangu asubuhi yote hii..."

"Haiuzwi, bwana. Samahani. Si yangu."

*

Muuza maziwa alipokwisha kunung'unika na kuondoka, na watoto wakarudi kwenye mpira, baba na mwana walibaki wawili kwenye ngazi, baiskeli mbele yao. Mkwe aliingia ndani, cherehani ikanyamaza. Ilikuwa wazi anasikiliza.

"Ulijua lini?" aliuliza Kinyozi.

Tahadhari hakujifanya hakuelewa. "Siku ile ile. Nilipoitoa mtaroni niliona ile alama ya rangi. Nikakumbuka."

"Na ukanipeleka kupimwa masikio."

"Baba, kazi yangu ni kuzuia watu wasianguke. Watu wote wanajua hivyo. Ningesema nini? Kwamba baba yangu nimemwangusha mimi?" Sauti ilimkatika. "Nilifikiri ikiuzwa itakwisha. Na ni kweli niliogopa. Nilikukuta umekaa kwenye maji, unaokota nyembe. Sikutaka kukukuta hivyo tena."

Kinyozi alimsikia, na hasira ilimpanda pamoja na huruma, zote mbili kwa wakati mmoja, asijue aanze na ipi. Akaanza na hasira kwa sababu ndiyo iliyokuwa na haki ya kutangulia.

"Mimi usiku naenda bafuni nashika ukuta," alisema. "Mwenyewe, hakuna anayeniangalia. Nilikuamini. Wewe ulikuwa na aibu ya bolti moja, ukaona afadhali mimi niwe mzee."

Machozi yalimtoka mwana na hakuyafuta, akayaacha yaende mpaka kidevuni. Ndani ya nyumba kitu kilianguka, pengine kopo la vifungo, na hakuna aliyetoka kuona.

Kinyozi aliinuka. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko wake wa kazi, akautundika kwenye usukani. Akapandisha kiti mpaka pale kilipokuwa zamani. Safari hii alifungua bolti ya juu, na aliifungua polepole sana, ili mtu aone. Akavuka mguu. Hapo ndipo alipogundua kwamba magoti yanatetemeka kweli. Majuma yale yote yalikuwa yamemwingia mwilini. Aliuona mtaro, akauona msuka nywele amesimama mlangoni, akatamani kushuka.

"Nikushikie kiti, baba?" mwanawe akauliza nyuma yake, kwa sauti ndogo ambayo Kinyozi hakuwa ameisikia tangu yule mtu awe na ndevu.

"Shika. Usiniachie."

Wakaondoka. Baba akikanyaga, mwana akikimbia pembeni na viatu vya kazini, mkono umeng'ang'ania kiti. Walipita kwa msuka nywele, wakapita kwa waliokuwa wanacheza mpira, wakapita kwenye mtaro. Baiskeli iliyumba, ikanyooka, ikayumba kidogo, ikanyooka kabisa. Kufikia nyumba ya nne Kinyozi alikuwa ameshakaa sawa, magoti yametulia, upepo unampiga usoni, na furaha imemjaa kiasi kwamba alibana midomo isitoke.

"Bado... unatetemeka... baba?" Tahadhari alikuwa anahema, shati limetoka nje, kalamu imedondoka zamani.

Kinyozi akaangalia mbele. Barabara ilikuwa imenyooka na tambarare mpaka chini ya kilima, mbali kweli kweli.

"Sana, mwanangu," alisema. "Usiniachie."

Akabonyeza kitufe. Mnyororo ukahamia sahani kubwa bila hata kukohoa, na akaongeza mwendo.